Kufukiza Gari

Mara ya kwanza nilidhani ni mguu wangu.
Taa nyekundu pale Barka, gari limesimama,
mguu uko juu ya breki,
na injini inapanda peke yake,
inashuka, inataka kuzimika,
inakumbuka kitu, inapanda tena.
Mshale unacheza, mia saba, elfu mbili, mia saba,
mtoto kapewa swichi ya taa.

Nissan Patrol ya mwaka tisini na tatu,
rangi ya tende iliyochoka jua,
kilomita laki nne na ushei,
na harufu ya marehemu Ghalib ingali kwenye mkanda wa kiti.
Wanangu wanasema: Mama, liuze.
Ngojeni, nikawaambia. Nijue kwanza linaumwa nini.

Shaji, kule sanaiya, akabadilisha plagi.
Riali kumi na mbili.
Akabadilisha pampu ya petroli,
riali thelathini na tano,
akafuta mikono, akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala:
"Khalasi, mama, kullu zeni."
Sikufika hata kiplefti.

Jirani yangu Bi Thuwaiba akachungulia juu ya ukuta,
akasikiliza ule mpando na mshuko.
"Hilo lina shetani. Mumeo alikuwa analipitisha wapi usiku?"
Akacheka, lakini si sana.

Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini, Rustaq.
Najua mgonjwa hadanganyi, ila hajui kusimulia.
Nikakaa nalo alfajiri, daftari mapajani.
Likiwa baridi: halina neno.
Dakika ya tisa, likishapata moto: homa.
Nikiwasha kiyoyozi linatulia kidogo, nikizima linarudi kulekule.
Njia ya Nakhal, mlimani, nimekanyaga mafuta:
linakwenda, halijawahi kuumwa maishani mwake.

Basi si njaa.
Mwenye njaa huanguka akipanda mlima;
hili huzimia likiwa limekaa.
Hili linavuta pumzi pasipo pua.

Nikatia kipande cha mpira wa bustani sikioni,
nikapitisha ncha ya pili juu ya injini, pole pole,
nikasikia feni
na moyo wangu mwenyewe.

Ndipo nikatafuta kopo la maziwa ya unga.
Nikalitoboa huku na huku,
ndani makaa mawili na ubani wa Dhofar, wa kijani, wa wageni.
Upande mmoja pampu ya godoro la wajukuu,
upande wa pili mpira mrefu mpaka kwenye koo la injini,
kitambaa nikakishindilia pande zote.
Gari nimelizima lingali moto, ufunguo mfukoni.
Nikapampu.

Hakuna.
Nikapampu. Jasho machoni.
Kisha, nyuma kabisa, chini, mkono usipofika,
uzi mweupe ukasimama.

Kimpira kama kidole gumba,
kimezongwazongwa utepe mweusi.
Utepe ule naujua, na ule mkunjo wa mwisho,
Ghalib hakuwahi kukata kitu kwa mkasi, alikuwa anang'ata.
Gundi imeyeyuka. Chini yake ufa,
unafumba ukiwa baridi, unafumbua ukipata moto.

Miaka mingapi? Akalifunga, akanyamaza, akaendesha.
Na mwaka ule, mkono kifuani, sebuleni,
aliniambia: gesi tu, Zayana, nipe tangawizi.
Nami, muuguzi, nikaenda kuchemsha tangawizi.

Mpira mpya, duka la vipuri, baisa mia nane.
Nimefunga klipu mbili, moja ingetosha.
Nikawasha, nikangoja dakika tisa, kumi, ishirini.
Mshale umelala mia saba, haupepesi.

Kichwa cha Thuwaiba juu ya ukuta:
"Nasikia harufu. Umelifukiza?"
"Nimelifukiza."
"Limetoka?"
"Limetoka."
Sikumwambia kwamba lilikuwa refu kiasi cha ukucha,
wala nani alikuwa amelifungia ndani.